Jasho Ndani ya Taa ya Kushoto

Barua ya kwanza waliyoniandikia niliisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikawarudishia. Msinicheke. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitatu, na mtu akiniandikia upuzi mkono wangu unatafuta kalamu nyekundu wenyewe. Walikuwa wameandika, hao walioniuzia gari, ati maji yaliyo ndani ya taa ya gari langu ni hali ya kawaida inayoletwa na baridi. Nikalizungushia duara lile neno kawaida, nikaandika pembeni: Eleza, toa mfano. Nikawapa alama mbili kwa kumi na kuipeleka mimi mwenyewe hadi mapokezi, ili nione uso wa atakayeipokea.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, jipya. Nikisema jipya namaanisha jipya, si haya yanayoletwa kutoka ng'ambo yakiwa yameshazeekea huko. Maisha yetu yote mimi na mume wangu tuliendesha magari ambayo watu wengine walikuwa wameyachoka, na kila Jumapili baada ya kanisa yeye alikuwa chini ya gari na mimi nimesimama kando nikimpa spana. Nilipostaafu nikasema kiinua mgongo changu sitakila kidogo kidogo kama karanga. Nilitaka kukalia kiti ambacho hakijakaliwa. Akina mama wa kanisa wakaja hapa kwetu mtaa wa Pioneer, Eldoret, kuliombea, mchungaji akapaka boneti mafuta, tukanywa chai. Mume wangu alilizunguka mara mbili, mikono nyuma. Nikamuuliza, vipi Mzee, hulipendi? Akasema taa hizi zitaibiwa.

Na hakuwa na kosa. Lile gari letu la zamani niliwahi kuliacha karibu na soko, nimeingia kununua viazi tu, nikarudi nikakuta mahali pa taa kuna matundu mawili na nyaya zinaning'inia. Tukaenda kwa wauza vipuri, na taa ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa ni yetu wenyewe, yenye ule mkwaruzo nilioupata getini kwa shemeji yangu kule Sugoi. Muuzaji ananiangalia usoni hivi, anasema, Mama una bahati, hizi ni za gari kama lako. Tulizinunua taa zetu. Ungefanya nini?

Ndiyo maana hapa kwetu gari jipya halilali wiki nzima kabla halijapigwa riveti. Taa na vioo vya pembeni vinatobolewa kwa drili ukingoni, halafu vinafungwa kwenye bodi kwa vile vimisumari vya chuma visivyofunguka, ili mwizi akivuta apasue na aondoke mikono mitupu. Hakuna anayeuliza kama ni lazima. Watu wanauliza tu fundi wako ni nani. Fundi wangu alikuwa ni yeye mwenyewe. Alifanya kazi ya kutengeneza mitambo ya kiwanda cha nguo mpaka alipostaafu, akafungua kibanda chake mtaa wa Langas, na watu walikuwa wakitoka mbali kumletea cherehani zilizoshindikana. Mkono wake ulijulikana. Angeweza kukaza skurubu gizani na kukuambia imebaki robo mzunguko.

Kuna kile kitabu kidogo kinachokuja na gari, kinachoeleza waranti, ile dhamana ya kampuni. Kilikuwa ndani ya droo ya gari, bado kimefungwa kwa nailoni. Mimi, niliyewaambia watoto wa watu miaka yote hiyo wasome maagizo kabla ya kujibu maswali, sikukifungua.

Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi akaanza na taa ya kulia, nami nimekaa kwenye kistuli nimeshika kikombe cha riveti. Ilimchukua muda mfupi sana. Alitoboa, akapuliza vumbi, akapaka silikoni ya kuzuia maji, akafunga, akapangusa kwa kidole gumba. Nikamwambia hata kiwandani hawafungi hivyo. Tukanywa chai. Tuliporudi kwenye taa ya kushoto akaangusha drili. Akaiokota, akaiangusha tena. Akasema hii drili leo ni nzito. Nikacheka. Nikamwambia drili ni ile ile, ni wewe umezeeka, na kama umechoka useme nikamwite kijana wa jirani. Akanitazama kidogo, akacheka pia, cheko la upande mmoja, akaendelea. Ile ya kushoto ilichukua muda. Nilimgombeza kwa sababu alikuwa anakwaruza rangi ya gari langu jipya. Chai yake ya pili ilimwagikia kwenye suruali na nikamgombeza kwa hiyo pia.

Jumatano alfajiri hakuweza kushuka kitandani. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wote wa kulia.

Pale hospitali ya rufaa daktari, mwanamke mdogo mwenye macho yaliyochoka, aliniuliza kama siku za karibuni nilikuwa nimeona dalili yoyote. Mkono kuwa mzito, ganzi, kuangusha vitu. Nikamjibu hapana. Nilijibu haraka, kama mwalimu aliyeulizwa na mkaguzi kama wanafunzi wake wote wapo. Hapana daktari, alikuwa mzima kabisa, Jumamosi tu alikuwa akifanya kazi kwenye gari. Akaandika nilivyosema.

Aliporudi nyumbani aliweza kukaa na kutembea hatua chache akishikwa. Maneno yake yalirudi moja moja. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa kwenye paja lake, na kila tulipomwogesha aliugeuza kwa mkono wa kushoto, akautazama, akauacha. Mchana tulimweka kwenye kiti barazani, na kutoka pale alichokuwa akiona ni gari.

Basi yeye ndiye aliyeona. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza, na asubuhi moja akainua kidole cha mkono mzima, akasema, "Taa." Nikashuka kuangalia. Ndani ya kioo cha taa ya kushoto kulikuwa na jasho, matone madogo madogo yamejipanga. Nikampigia simu kijana wa ofisi iliyotuuzia gari, yule anayepokea malalamiko. Akasema ni kawaida, Mama, ukiwasha taa litakauka. Likakauka. Wiki iliyofuata likarudi, na mwisho wa mwezi maji yalikuwa yametuama chini ya balbu kiasi cha kijiko, na ukifunga breki yanayumba. Ndipo ikaja ile barua ya kwanza, nami nikaisahihisha.

Barua ya pili ilikuja baada ya wao kuliona gari. Hiyo haikuwa na makosa ya kusahihisha. Ilisema waranti ya taa imefutika kwa kuwa taa zimetobolewa na mtu asiyeidhinishwa na kampuni, na kwamba kazi hiyo duni ndiyo iliyoingiza maji.

Nilisoma hayo maneno mawili, kazi duni, nimesimama kaunta. Mtu ambaye mkono wake ulilisha watoto wanne! Nikamwambia yule kijana wa malalamiko, wewe una tai nzuri lakini hujui kushika nyundo. Akaniomba nisipandishe sauti. Nikaipandisha. Watu waliokuwa wanangoja magari yao wakaacha kuangalia simu zao.

Taa yenyewe ningeweza kununua nyingine. Ingeuma, lakini ningeinunua. Nilichokuwa nikipigania ni yale maneno mawili. Zile riveti zilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wa mume wangu, naye alikuwa akiziangalia kutoka barazani kila siku ya Mungu. Kila niliporudi kutoka mjini aliniuliza swali moja tu, "Wamesema nini?" Nami nilimwambia bado wanaangalia. Sikumwambia kilichoandikwa. Niliapa siku moja nitaweka mbele yake karatasi yenye muhuri inayosema riveti hazikuwa na kosa lolote.

Na nilikuwa na hoja. Nilijivunia hiyo hoja, nikaiandika kwenye barua tatu, nikaisema kwa simu kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Taa ni mbili. Zote zimepigwa riveti. Ya kulia ni kavu, haijawahi kutoa jasho hata siku moja. Fundi ni yule yule, drili ile ile, riveti za pakiti moja, siku moja. Kama riveti ndizo zinazoingiza maji, mbona ya kulia haina maji? Kwa hiyo taa ya kushoto imetoka kiwandani mbovu. Hata mtoto wa darasa la sita angeona. Yule kijana wa malalamiko akasema atawauliza wakubwa wake, na kwa mara ya kwanza nililala usingizi mzuri.

Majibu yakaja kwamba kuna mkaguzi wa kiufundi anayezunguka matawi yote, na atakapofika Eldoret ataifungua taa mbele yangu. Nikavaa gauni la kanisani. Mume wangu alinitazama nikitoka, akainua mkono wake mzima hivi, kunibariki.

Nilitarajia mtu wa majivuno, na nilikuwa nimemwandalia maneno. Kumbe alikuwa mtu wa makamo, mpole, ovaroli yake ina mafuta ya kweli. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya mzee kwa sababu nilikuwa nimemtaja kwenye barua. Akaniomba ruhusa ya kutoa riveti, akisema bila hivyo taa haitoki. Nikamruhusu. Alizitoboa moja moja, zikadondoka kwenye kopo. Nikamwomba anipe. Hakuniuliza za nini, akazifunga kwenye karatasi ya shashi, nikaziweka kwenye mkoba.

Akaweka taa zote mbili juu ya meza, akawasha tochi. Akaanza na ya kulia. Akaigeuza, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Akasema hii ni kazi safi sana, imeingia wima, haikugusa gundi ya kioo, hata hapa kwetu sina kijana wa kutoboa hivi. Moyo wangu ukapanda. Nikamwangalia yule kijana wa malalamiko kwa jicho la sikukuambia.

Kisha akachukua ya kushoto. Akaniita nisogee, akamulika ukingo wa ndani. Matundu yake mawili yalikuwa yameingia mshazari. Kando ya moja kulikuwa na mikwaruzo mitatu mahali ambapo ncha ya drili ilikanyaga, ikateleza, ikakanyaga tena. Mmoja ulikuwa umekata ile gundi inayoshikilia kioo, mkato mwembamba kama wa wembe, na maji yalikuwa yamepita hapo. Aliniacha niangalie mpaka nilipomaliza. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote:

"Mama, hii ya kulia na hii ya kushoto, ni fundi mmoja kweli?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Fundi ni yule yule, drili ile ile, siku moja. Nilikuwa nimeyasema hayo maneno mara ngapi? Nilikuwa naona chai ikimwagika kwenye suruali. Nilikuwa naona drili chini, mara ya kwanza, mara ya pili. Lile cheko la upande mmoja. Mimi niko kwenye kistuli na kikombe cha riveti, hatua moja kutoka kwake, nikimwambia asinikwaruzie rangi. Siku nne kabla. Daktari alikuwa ameniuliza kwa maneno yale yale kabisa, mkono mzito, kuangusha vitu, na nikamjibu hapana.

Mkaguzi alidhani nalia kwa ajili ya taa. Akanivutia kiti. Akasema kwa waranti hawezi kufanya kitu, ila kuna fomu ya rufaa kwenda makao makuu, na kama nitaandika kwamba ile ya kushoto ilitobolewa na mtu mwingine bila idhini yangu, huenda wakanionea huruma. Alikuwa akinisaidia, nililiona hilo. Nikapokea fomu. Nikamshukuru. Wakazirudisha taa zote mbili mahali pake bila riveti, na yule kijana wa malalamiko akanifungulia mlango wa gari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilisimama kwenye kituo cha petroli, nikakaa mle ndani na vioo vimefungwa. Nilijua presha yake ilikuwa juu. Nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemhesabia dawa kila asubuhi. Hospitali ya rufaa kutoka kwetu si mbali, tungefika hata kabla chai haijapoa. Mara kumi nilijiambia huenda wasingeweza kufanya lolote, kwamba hata wataalamu wangemrudisha nyumbani apumzike, na kila nikilimaliza hilo wazo naanza tena mwanzo. Nikatafuta uongo wa kumwambia. Nikaamua nitasema wamekubali, taa ilitoka kiwandani mbovu, riveti hazina kosa. Ningenunua taa nyingine kimya kimya na nimwambie ni wao wamebadilisha. Niliurudia mpaka nikaweza kuusema bila kusita.

Alikuwa barazani. Nikazima gari, nikapanda ngazi, na kabla sijaweka mkoba chini akauliza, "Wamesema nini?"

Nikamwambia wamekubali. Nilisema vizuri, kama nilivyojizoeza. Nikaongeza kwamba mkaguzi mwenyewe ameisifu kazi, hata akasema hana kijana wa kuifanya hivyo, na hilo lilikuwa kweli kwa taa moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatazama gari, akaona ukingo wa taa hauna kitu, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Riveti ziko wapi?"

Ningesema nimeziacha huko. Sijui kwa nini nilifungua mkoba. Akaifungua ile karatasi juu ya paja lake, kando ya mkono ule uliolala, akaanza kuzipanga kwa kidole. Zilikuwa nne. Mbili akaziweka upande mmoja, zimenyooka. Mbili akaziweka upande wa pili, na hata mimi nisiyejua niliona zimekaa upande, zimepinda shingo. Akazigusa hizo mbili kwa kidole.

"Hizi nilijua," akasema. Kila neno alilingoja lije. "Kidole hakikuwa kinasikia. Nilijua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia drili ni nzito."

Hakusema kwa kunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu, ningepata mahali pa kujitetea, na kujitetea nakuweza. Alikuwa akinijibu swali tu.

"Ukacheka," akasema. "Nikaona nimalize, Mwalimu. Usiseme nimezeeka."

Nilikaa kwenye ngazi pale chini ya miguu yake. Niliushika ule mkono wa kulia na kuuweka shavuni kwangu, na ulikuwa wa baridi, na nilijua hausikii shavu wala machozi. Nikamwambia nisamehe Mzee. Akasema kwani umefanya nini. Nikajaribu kumweleza habari ya daktari na swali lake na jibu langu, lakini alikuwa ameshachoka, kichwa kimeanza kuinama, na sijui alisikia mpaka wapi. Sijawahi kumuuliza. Mvua ikaanza kunyesha, nikamshika kwapani, tukaingia ndani hatua kwa hatua.

Fomu ya rufaa iko kwenye droo pamoja na barua nyingine, na siku zake za kupelekwa zimeshapita. Watoto walipopiga simu wakaniuliza kesi yangu ya taa imeishia wapi, walikuwa wakinitania, wananiita wakili, nikawaambia nimeshindwa, wakashangaa nimekubali upesi hivyo. Taa ya kushoto sijaibadilisha. Asubuhi za baridi inajaa jasho mpaka balbu haionekani. Yeye anaiangalia kutoka barazani, mimi namletea chai na kumshikia kikombe, na hakuna tena anayeuliza wamesema nini.